Usioshe Sufuria Upesi: Sumu ya Bahari Isiyoonekana

UKURASA WA AFYA
Na mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji

Leo tuzungumze juu ya chakula cha bahari. Wewe unayeishi pwani unakijua vizuri. Bamvua inapofika na maji yakipwa, akina mama na watoto huteremka pwani na ndoo, vikapu na visu. Huchokoa chaza. Huokota kombe na kome. Jioni mchuzi unakuwa tayari. Chakula hiki kinajenga mwili, na hakihitaji fedha nyingi. Sitaki mtu asome ukurasa huu halafu akiache.

Wewe unayeishi bara, usifunge gazeti. Mwisho wa mazungumzo haya utaona kuwa kuna jambo moja la kujifunza kwa kila mtu anayekula na kwa kila mtu anayepika.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

KOSA NILILOFANYA

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza katika zahanati. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kilikuwa bado kipya. Jioni moja baba mmoja alifika na mkewe na watoto wawili. Mama alisema midomo yake imekufa ganzi. Ulimi pia. Vidole vilikuwa vinamchomachoma kama mtu aliyekalia mkono. Mtoto mdogo alikuwa akiyumba kama mlevi. Mchana wao watatu walikuwa wamekula kombe. Baba hakula, kwa kuwa alikuwa safarini.

Mimi niliandika katika daftari: maumivu ya tumbo. Niliwapa maji ya chumvi na sukari. Nilikesha nao. Kwa bahati njema, asubuhi waliamka wazima. Nilifurahi sana, nikajiona mganga hodari.

Siku ya pili bibi wa watoto wale alikuja. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kilikuwa kitu gani kile?"

Sikuwa na jibu. Nikamwuliza, "Bibi, wale kombe wamebaki?"

Akasema, "Sufuria tumeosha tangu jana. Mabaki tumewatupia kuku. Maganda tumetupa jalalani. Hukutuambia tuweke."

Ni kweli. Sikuwaambia. Tena sikutoa taarifa wilayani. Ushahidi wote ulikwisha pamoja na maji ya kuoshea sufuria. Hadi leo hakuna anayejua ni nini kilichowapata watu wale. Na pwani ile ile watu waliendelea kuokota kombe siku zilizofuata.

Baada ya hapo nilianza kusoma juu ya sumu za bahari. Haya ndiyo niliyojifunza.

MWANI MDOGO KULIKO VUMBI

Unaujua mwani. Akina mama wengi wa pwani wanaulima. Lakini kuna mwani mwingine ambao macho hayauoni. Ni mdogo kuliko vumbi la unga. Unaelea katika maji ya bahari. Katika ndoo moja ya maji ya bahari unaweza kuwamo kwa maelfu mengi. Ili kuuona unahitaji hadubini, yaani chombo kile kinachokuza vitu vidogo, ambacho sisi hutumia kutazama vijidudu vya malaria katika damu.

Mwani huu mdogo si adui. Ni chakula cha viumbe wengi wa baharini. Bila huo hatungekuwa na samaki. Aina nyingi hazina madhara yoyote. Lakini aina chache hutengeneza sumu kali.

Wakati fulani mwani huu huzaana upesi sana. Maji yakiwa tulivu, jua likiwa la kutosha, na mbolea ikiwa nyingi ndani ya maji, mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Baada ya siku chache bahari hujaa. Mara nyingine maji hubadilika rangi. Huwa mekundu, kahawia au kijani. Mara nyingine hayabadiliki hata kidogo.

Sasa tazama kome, chaza na kombe. Wao hawatembei kutafuta chakula. Huvuta maji, huyachuja, hubakiza mwani na kuyatoa maji. Ni kama kifumbu cha kuchujia tui. Maji hupita, machicha hubaki. Kome mmoja huchuja lita nyingi za maji kwa siku moja. Kama mwani una sumu, sumu hubaki katika mwili wake. Yeye mara nyingi haumwi. Anaonekana mzima. Ladha yake ni ile ile. Atakayeumwa ni yule atakayemla.

KANADA, MWAKA 1987

Nitakueleza habari ya kweli iliyotokea mbali na kwetu. Huko Kanada, upande wa mashariki, kuna kisiwa kinachoitwa Prince Edward. Watu wa huko hufuga kome. Huwaning'iniza baharini katika kamba, kama sisi tunavyofunga mwani. Kisha huwauza mijini.

Mwishoni mwa mwaka 1987 watu wengi waliokula kome waliugua. Kwanza walitapika. Waliumwa tumbo na kuharisha. Kufikia hapo mganga yeyote angesema, "Ni chakula kilichooza." Lakini ndani ya siku mbili yalifuata mambo ya ajabu. Wengine walishikwa na kichwa kikali. Wengine walichanganyikiwa. Wengine walipoteza kumbukumbu. Ukimwambia jambo sasa hivi, baada ya muda mfupi hajui kama uliwahi kumwambia. Wachache walipatwa na degedege wakazimia.

Waganga walihesabu wagonjwa 107 ambao dalili zao zililingana. Watu 19 walilazwa hospitali, na 12 kati yao walikuwa mahututi. Watu 3 walikufa. Waliozidiwa sana walikuwa wazee, na wale waliokuwa na maradhi mengine tangu zamani, kama kisukari na figo.

Je, waganga walijuaje kuwa chanzo ni kome? Waliuliza. Walimwuliza kila mgonjwa: ulikula nini, lini, wapi, na nani? Majibu yalikutana mahali pamoja. Wote walikuwa wamekula kome, na kome wale walitoka midomo ya mito ya upande wa mashariki wa kisiwa kile. Serikali ikasimamisha uuzaji wa kome.

Lakini kujua kuwa ni kome hakukutosha. Kome wana nini ndani yao? Hapo ndipo kazi kubwa ilipoanza.

PANYA WALIJIKUNA

Katika nchi za mbali sumu ya kome haikuwa jambo jipya. Mwaka 1793 baharia mmoja Mwingereza, John Carter, alikufa baada ya kula kome katika pwani ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Kanada. Mwaka 1927 watu wa San Francisco, Marekani, waliugua kwa kula kome, na baadhi yao walikufa. Baada ya hapo wataalamu wa huko walivumbua kipimo. Walisaga kome, wakachuja maji yake, wakampiga panya mdogo sindano ya maji yale. Panya akifa upesi kwa kushindwa kupumua, kome wana sumu ya kupooza. Sumu hiyo ndiyo inayoanza kwa ganzi ya midomo.

Basi mwaka 1987 wataalamu wa Kanada walitumia kipimo hicho. Panya walikufa. Lakini hawakufa kama ilivyozoeleka. Panya walianza kujikuna bega kwa mguu wa nyuma. Walijikuna, walijikuna, kisha wakatetemeka na kufa.

Ndugu msomaji, hapo pana somo. Mtu mzembe angesema, "Panya amekufa, basi ni sumu ile ile." Wataalamu wale hawakusema hivyo. Waliona panya anajikuna, wakaandika. Wakajua kuwa hii ni sumu nyingine, ambayo hawajawahi kuikuta ndani ya kome.

Katika mji wa Halifax wataalamu wapatao 40 walikusanyika. Walifanya kazi usiku na mchana. Walifanya nini? Fikiria una gunia la mchele, na ndani yake kuna jiwe moja. Unaligawa gunia mafungu mawili. Unatazama jiwe liko fungu gani. Fungu lisilo na jiwe unaliweka kando. Fungu lenye jiwe unaligawa tena. Ukiendelea hivyo, mwisho unalishika jiwe lenyewe.

Wao waligawa maji ya kome vivyo hivyo. Kila fungu walimpiga panya sindano. Fungu ambalo halikumdhuru panya waliliweka kando. Fungu lililomfanya ajikune waliligawa tena. Baada ya saa 104, yaani siku nne na kidogo, waliikamata sumu. Jina lake ni asidi ya domoiki.

DAWA YA MINYOO ILIYOGEUKA SUMU

Sumu hii ilikuwa inajulikana, lakini mahali pengine na kwa kazi nyingine. Kusini mwa Japani kuna mwani mwekundu ambao wenyeji huuita domoi. Tangu zamani waliutumia kama dawa ya kutoa minyoo ya tumbo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Japani waliitoa dawa iliyomo ndani ya mwani huo. Wakaipa jina kutokana na mwani wenyewe.

Je, dawa inawezaje kuwa sumu? Sisi waganga tunasema kila siku: tofauti ya dawa na sumu ni kipimo. Kidonge kimoja kinaponya, chupa nzima inaua. Huko Japani watu walipewa kiasi kidogo sana. Kome wa Kanada walikuwa na kiasi kikubwa. Asidi hiyo huingia katika ubongo na kuzichosha chembe zake hadi zinakufa. Chembe zinazotunza kumbukumbu ndizo huumia zaidi.

Baada ya hapo Kanada iliweka mpaka. Kome wakiwa na sumu hii kufikia gramu 1 katika kilo 50 za nyama, hawauzwi. Kilo 50 ni uzito wa mfuko wa saruji. Gramu 1 ya chumvi haifiki hata nusu ya kijiko cha chai. Utaona jinsi sumu hii ilivyo kali.

MABAKI YA SAHANI YALITOA USHAHIDI

Hapa nataka usome polepole.

Wataalamu walipata sumu katika kome waliochukuliwa baharini. Lakini mtu angeweza kuuliza, "Mnajuaje kwamba wagonjwa walikula kome wenye sumu hiyo hiyo?" Jibu lilitoka katika mabaki. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wamebakiza kome. Mabaki hayo hayakutupwa. Yalipelekwa kupimwa, na asidi ya domoiki ikakutwa ndani yake. Hapo minyororo miwili ikaungana: ule wa bahari na ule wa sahani ya mgonjwa.

Kumbuka sasa sufuria ya bibi yule. Ushahidi kama huo ulikuwa mikononi mwetu. Sisi tuliuosha.

NANI ALITENGENEZA SUMU?

Likabaki swali la mwisho. Kome hatengenezi sumu. Ameila wapi?

Wataalamu walipasua kome wakatazama tumbo lao. Lilikuwa la kijani, limejaa mwani. Wakachota maji ya bahari, wakayatazama kwa hadubini. Maji yalikuwa yamejaa mwani mdogo wa aina moja, mamilioni katika kila lita. Umbo lake ni jembamba kama sindano. Sindano hizo huungana ncha kwa ncha zikafanya mnyororo. Zina ganda gumu kama kioo. Mwani wa namna hiyo huitwa dayatomu. Jina la kitaalamu la aina ile leo ni Pseudo-nitzschia.

Hata hapo hawakuridhika. Kumkuta mtu karibu na nyumba iliyoibiwa si ushahidi kuwa yeye ndiye mwizi. Kwa hiyo waliutenga mwani ule, wakauotesha peke yake ndani ya chupa safi. Wakaupima. Nao ukatengeneza asidi ya domoiki ndani ya chupa. Mwizi akawa ameshikwa na mali.

Kabla ya hapo wataalamu hawakujua kuwa dayatomu inaweza kumdhuru binadamu.

MWAKA ULE ULE, GUATEMALA

Mwaka huo huo wa 1987, kati ya Julai na Agosti, maafa mengine yalitokea Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati. Katika pwani ya Champerico watu walikula kombe na kunywa supu yake. Kombe wale walikuwa na sumu ile ya kupooza. Watu 187 waliugua. Watu 26 walikufa.

Waliokufa zaidi ni watoto. Kati ya watoto wa miaka 6 na chini waliougua, nusu walikufa. Kati ya watu wazima walikufa kama 7 katika kila 100. Sababu yake ni rahisi. Mwili wa mtoto ni mdogo. Bakuli moja la supu ambalo baba analivumilia linaweza kumwua mtoto.

Mama msomaji, sikiliza hili. Supu imechemshwa, lakini sumu ilibaki. Tumezoea kusema, "Chemsha, moto unaua vijidudu." Ni kweli, moto unaua vijidudu. Lakini sumu hii si kijidudu. Ni kama chumvi ndani ya mchuzi. Ukichemsha mchuzi, chumvi haitoki.

JE, KWETU?

Huenda unasema, "Hayo ni ya Kanada na Guatemala." Ngoja kwanza.

Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa. Wengine 78 walilazwa hospitali. Kabla ya hapo, Novemba 2021, watu 7 walikufa huko huko Pemba kwa kula kasa.

Sumu ya kasa si ile ya kome wa Kanada. Wataalamu wanadhani kwamba kasa huipata kutoka katika mwani anaokula, lakini jambo hilo bado linachunguzwa. Ila moja ni wazi: kasa mwenye sumu hana alama, na kupika hakusaidii. Tena sumu yake inaweza kupita katika maziwa ya mama hadi kwa mtoto anayenyonya. Sheria inamlinda kasa asiuawe. Kwa afya yako pia, mwache aende zake.

SIKU HIZI WANATAZAMAJE?

Nchi zenye wafugaji wengi wa kome na chaza hazingoji watu waumwe. Huweka ulinzi wa namna nne.

Kwanza, hutazama maji. Mtu huenda na mashua, huchota maji au hukokota wavu wenye matundu madogo sana. Maji huwekwa dawa ya aidini ili mwani usioze. Kisha huhesabiwa kwa hadubini. Aina mbaya zikiongezeka, onyo hutolewa.

Pili, hupima nyama ya kome. Siku hizi panya hatumiki sana. Kuna mashine zinazopima kiasi cha sumu. Vipo pia vipimo vya haraka vya ukanda, mfano wa kile tunachotumia zahanati kupima malaria kwa tone la damu.

Tatu, hutazama bahari kutoka angani. Vyombo vinavyozunguka dunia huona rangi ya maji ikibadilika. Lakini chombo cha angani huona rangi tu. Hakioni sumu. Lazima mtu achote maji apime.

Nne, husikiliza wananchi na huwatazama wanyama. Mwaka 1991, huko Monterey, California, ndege aina ya mwari walikufa kwa wingi. Walikuwa wamekula dagaa waliokula mwani wenye asidi ya domoiki. Ndege walitangulia kutoa habari kabla ya mtu kuugua.

Katika zahanati yangu hakuna mashine wala wavu huo. Lakini ulinzi wa nne haununuliwi. Macho yako, masikio yangu, daftari la zahanati na sufuria isiyooshwa vinatosha kuanza kazi.

MANENO YASIYO YA KWELI

Nimesikia watu wakisema mengi. Tuyasahihishe.

"Nzi akitua, chakula ni salama." Si kweli. Nzi hupima harufu, na sumu hii haina harufu.

"Tia ndimu na kitunguu saumu, sumu itakufa." Si kweli. Utaongeza ladha tu.

"Mpe paka kwanza." Si vizuri. Paka anaweza kula kidogo asiumwe, nawe ukala kingi.

"Maji yakiwa meupe hakuna hatari." Si kweli. Mwani mbaya unaweza kuwamo bila kubadili rangi ya maji. Tena si kila maji mekundu yana sumu. Ila ukiona rangi ngeni, usiokote chochote mpaka upate ushauri.

LA KUFANYA

Kabla ya kula:

1. Ukiona maji yamebadilika rangi, au samaki na ndege wengi wamekufa ufukweni, usiokote kome, chaza wala kombe. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji na ofisa uvuvi.

2. Serikali ikitoa onyo, litii mpaka litakapoondolewa. Usiseme, "Mbona mimi nimekula jana?"

3. Usile kasa.

Mtu akiugua:

4. Mjue mgonjwa wa sumu ya bahari. Midomo, ulimi au vidole vinakufa ganzi. Anayumba. Anatapika. Anachanganyikiwa au kusahau. Anapumua kwa shida. Dalili za ganzi zinaweza kuanza kabla ya saa moja kwisha tangu kula.

5. Mpeleke zahanati au hospitali mara moja, hata usiku. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Lakini mgonjwa akisaidiwa kupumua mpaka sumu imtoke, anaweza kupona. Kwa hiyo dakika zina thamani. Usingoje asubuhi.

6. Usimtapishe kwa nguvu. Usimpe mafuta, maziwa wala dawa ya mitishamba. Akizimia, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Akiacha kupumua, mpulizie pumzi kinywani mpaka mtakapofika.

7. Waite wote waliokula chakula kile, hata wasioumwa bado. Anza na watoto.

8. Usioshe sufuria. Weka mabaki ya chakula katika mfuko safi, ufunge vizuri. Weka na maganda. Kama kuna barafu ya wavuvi, yatie ndani ya barafu. Weka mbali na watoto, kuku na paka. Njoo nayo pamoja na mgonjwa.

9. Njoo na majibu ya maswali haya: Mlikula nini? Saa ngapi? Kiliokotwa wapi, siku gani? Waliokula ni wangapi? Wasiokula ni nani?

Nasi waganga tuna wajibu wetu. Tuulize. Tuandike. Tutoe taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya siku ile ile. Mgonjwa mmoja ni ajali. Wagonjwa watatu wa chungu kimoja ni habari ambayo wilaya lazima iijue.

Wewe wa bara, hili ndilo jambo nililokuahidi. Mahindi yenye ukungu, uyoga, mihogo michungu na maziwa yaliyoharibika navyo hudhuru watu wa chungu kimoja. Mabaki ya chakula husema kile ambacho mgonjwa hawezi kusema.

Baadhi ya watu huona aibu. Mama hufikiri watu watasema hajui kupika. Baba hufikiri wavuvi watakosa soko. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio humwumbua. Mama yule aliyeleta watoto wake kwangu hakuwa na kosa. Alipika kama alivyofundishwa na mama yake. Aliyekosa kuuliza ni mimi.

Nimemwambia bibi yule kwamba nimeandika habari hii gazetini. Akaniambia, "Vizuri. Na wewe ukiniona naosha sufuria, niulize kwanza." Sasa tunacheka. Lakini katika zahanati nimeweka ndoo moja yenye kifuniko kwa ajili ya mabaki ya chakula, na ukutani, juu yake, nimeandika kwa herufi kubwa: ULIKULA NINI? KIKO WAPI?

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kome anapataje sumu ikiwa yeye haitengenezi?
2. Kwa nini kuchemsha hakuondoi sumu hii?
3. Wataalamu wa Kanada walijuaje kuwa sumu waliyoikuta ilikuwa ngeni?
4. Mabaki ya chakula ya wagonjwa yalisaidia vipi?
5. Katika kijiji chenu, nani atapokea taarifa usiku mtu akiugua baada ya kula? Mchagueni leo.

MAANA YA MANENO

Bamvua: wakati maji ya bahari yanapojaa sana na kupwa sana.
Hadubini: chombo cha kukuza vitu vidogo ili vionekane.
Dayatomu: mwani mdogo sana wenye ganda gumu kama kioo.
Ushahidi: jambo au kitu kinachoonyesha ukweli.